Msamaha, upekuzi, forodha au mahakama? Njia za kurudisha malikale zilizoporwa vitani

Makumbusho yakiporwa katikati ya vita, swali la kwanza huwa ni kipi kimeibwa. Swali la pili, ambalo wengi hulichelewesha, ni njia ipi itumike kukirudisha. Njia zipo kadhaa, na kila moja ina kitu inachokipata na kitu kisichopatikana kwayo hata ifanywe kwa ustadi gani. Ulinganisho huu umewalenga watumishi wa makumbusho, polisi, maofisa wa forodha na wanajeshi wa kulinda amani ambao siku moja wanaweza kutakiwa kuchagua.

Mfano mkuu ni Makumbusho ya Iraq, Baghdad, yaliyoporwa kati ya tarehe 10 na 12 Aprili 2003. Tumelichagua tukio hilo kwa sababu njia karibu zote zilijaribiwa juu ya mkusanyo mmoja, na matokeo yake yanajulikana.

Kwanza, nani aliiba?

Ndani ya jengo lile kulitokea wizi wa aina tatu. Kanali Matthew Bogdanos, mwendesha mashtaka wa New York aliyeongoza uchunguzi upande wa Marekani, aliutenganisha mapema, na utenganisho huo ndio ufunguo wa kila uamuzi uliofuata.

Kwenye kumbi za maonyesho viliibwa vitu 40. Vilikuwa vichache kwa sababu wafanyakazi walikuwa wamekwisha kuhamisha vitu 8,366 kutoka kwenye makabati ya vioo na kuvificha mahali palipojulikana na maofisa watano tu, walioapa kwa Kurani kutopataja. Vilivyobaki vilikuwa vizito au dhaifu mno kuhamishwa. Waliovichukua walijua thamani yake na waliviacha vya bandia vilivyokuwa karibu.

Kwenye maghala ya juu viliibwa vitu kama 3,100: vyungu, vigae, vipande kutoka machimbo ya utafiti. Hapo waliingia watu wa mtaani wakazoa kilichokuwa mbele yao.

Kwenye chumba cha chini ya ardhi viliibwa vitu zaidi ya 10,000, karibu nusu yake mihuri ya silinda (vijiwe vidogo vilivyochongwa, vya kuviringisha juu ya udongo ili viache alama), pamoja na shanga na vito. Wezi hawa walifika kwenye kona ambayo mgeni asingeijua, wakiwa na funguo za makabati 30 yaliyokuwa na sarafu na mihuri bora kuliko yote. Umeme haukuwepo, wakachoma vipande vya sponji ili wapate mwanga, funguo zikawaponyoka gizani na hawakuziona tena. Wakaishia kumwaga masanduku ya plastiki yaliyokuwa pembeni. Mambo yote hayo yanaonyesha mkono wa mtu wa ndani, au aliyeelekezwa na mtu wa ndani.

Sasa tazama kilichorudi. Katika miaka michache ya kwanza, vitu vya maghala ya juu vilirudi karibu vyote. Vya chini ya ardhi ilirudi sehemu ndogo tu. Jengo ni moja na siku ni zilezile, ila aliyeiba si mmoja na njia ya kumfikia haikuwa moja.

| Aliyechukua | Kitu kiko wapi | Anza na |
|---|---|---|
| Jirani, mpita njia | Nyumbani, mtaa uleule | Msamaha |
| Mwizi anayejua thamani | Kimefichwa, kinasubiri mnunuzi | Upekuzi kwa taarifa |
| Mtu wa ndani na dalali | Mpakani au nje ya nchi | Forodha na orodha ya Interpol |
| Mchimbaji haramu | Sokoni, hakina namba ya makumbusho | Sheria ya umiliki wa dola, mahakama |

Msamaha: wa bei nafuu na wa haraka, ila huisha nguvu

Baghdad ilitangaza msamaha usio na maswali: leta kitu, hutaulizwa jina wala ulikipataje. Tangazo lilipita misikitini, redioni, magazetini na kwa mazungumzo ya mitaani. Karibu vitu 2,000 vilirudi kwa njia hiyo. Miongoni mwake ni Chombo cha Warka (mji wa kale wa kusini mwa Iraq), jagi refu la alabasta la kama mita moja, lenye umri wa miaka zaidi ya 5,000. Lilifika tarehe 12 Juni 2003 ndani ya gari la vijana watatu, likiwa vipande 14.

Msamaha unaofanya kazi una sehemu nne, na ikipungua moja unaanguka.

Mamlaka ndiyo sehemu ya kwanza. Anayetangaza awe ana uwezo kisheria wa kutoshtaki. Kamanda wa kikosi cha kigeni hawezi kusamehe kosa la sheria ya nchi kwa neno lake tu. Pateni saini ya mwendesha mashtaka na ya idara ya malikale, na maandishi yaseme wazi kwamba kinachosamehewa ni kuwa na kitu. Aliyeua mlinzi au aliyekwisha kuuza nje ya nchi hahusiki.

Pili, mahali. Watu hawaleti bidhaa ya wizi kwenye lango lenye kifaru. Weka vituo msikitini, kanisani, zahanati, au kwa mzee wa mtaa anayeheshimika, na makumbusho yawe mojawapo tu ya vituo hivyo.

Sehemu ya tatu ni meza ya kupokelea, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Panahitajika watu wawili, mmoja mhifadhi na mmoja mwandishi. Wawe na kamera, kipimio cha sentimita 10 cha kuweka kando ya kitu kwenye picha, mizani, mifuko ya plastiki ya kufunga kwa zipu, vibandiko vya namba za muda, penseli (wino huvuja) na masanduku yenye sponji. Kila kitu kipigwe picha si chini ya nne: mbele, nyuma, ubavu na sehemu yenye alama. Mleta kitu apewe stakabadhi yenye namba na tarehe bila jina. Usimwambie thamani ya alichokileta. Akisikia bei, kesho binamu yake hataleta.

Nne, muda. Weka tarehe ya mwisho na uiheshimu. Msamaha unaoongezwa mara tatu humfundisha mwenye kitu kwamba kusubiri hakuna gharama.

Jiandae pia kwa bandia. Vitu vingi vitakavyoletwa vitakuwa vya kuigiza, vingine vya dukani vya watalii. Vipokee vyote kwa heshima ileile, vitenganishwe baadaye nyuma ya pazia. Anayefedheheshwa mezani huwasimulia jirani zake kumi.

Linaloua msamaha haraka kuliko lolote ni mtu mmoja kukamatwa akirudi nyumbani. Askari anayeandika namba za magari nje ya kituo, mwandishi wa habari anayepiga picha za nyuso, au kikosi kinachopekua nyumba ya mtu aliyerudisha kitu jana: baada ya hapo funga meza, hatakuja mwingine.

Mipaka yake pia ni wazi. Msamaha humgusa mtu mwenye haya, mwenye hofu, au asiye na mnunuzi. Mwenye mnunuzi London au New York hauhitaji.

Upekuzi: kwa vipande vikubwa, na kwa taarifa iliyo moto

Vipande mashuhuri vya Baghdad ambavyo havikuletwa kwa hiari vilipatikana kwa upekuzi. Uso wa Mwanamke wa Warka, wa marumaru, wenye kimo cha sentimita 20 hivi, ulifukuliwa shambani Septemba 2003 baada ya mtoa taarifa kuongea. Sanamu ya Bassetki, ya shaba, yenye uzito wa kama kilo 150, ilipatikana Novemba mwaka huohuo ndani ya shimo la maji machafu, imepakwa grisi. Hivi vinajulikana mno kuuzwa kwa urahisi, hivyo mwizi huvizika na kusubiri. Kusubiri huko ndiko kunakompa mpelelezi nafasi.

Taarifa ya mtoa habari huoza haraka, mara nyingi ndani ya siku mbili tatu, kwa sababu kitu huhamishwa kila anapoingia mtu mpya kwenye mpango. Lakini kukimbilia mlango bila kuhakiki ni kosa baya zaidi, maana vitani watu hulipiziana visasi kwa kuchongeana. Kanuni inayofaa ni hii: mtoa taarifa aeleze kitu ambacho hakijachapishwa gazetini, kwa mfano ufa ulipo, namba iliyoandikwa chini, au alete picha mpya. Akishindwa, subiri. Kumvunjia mtu asiye na hatia mlango kunakugharimu mtaa mzima.

Kabla ya kutoka, kikosi kiwe na:

- hati ya upekuzi ya hakimu wa nchi husika, na polisi wa nchi hiyo mbele, pamoja na askari wa kike wa kuingia vyumba vya wanawake
- mtaalamu mmoja wa malikale anayejua kitu kinachotafutwa kwa macho
- watu na vifaa vinavyolingana na uzito. Kilo 150 si kazi ya watu wawili. Panga wanne wenye mikanda na ubao mpana. Waporaji wenyewe waliiangusha sanamu ya Bassetki wakivunja ngazi za makumbusho
- mtu wa kutegua mabomu, hasa pale mahali palipokuwa mikononi mwa wapiganaji

Papo hapo, piga picha kitu kilivyo kabla ya kukigusa. Kama kimezikwa, chimba kwa mwiko mdogo na mikono. Kuchomachoma ardhi kwa nondo ndiko kunakotoboa marumaru. Kisha andika kila aliyekishika, saa ngapi na alimkabidhi nani. Karatasi hiyo ikikatika sehemu moja, mshtakiwa huachiwa huru.

Tunasisitiza pia usafishaji, kwa sababu hasara nyingi hutokea baada ya kitu kupatikana. Usioshe. Bamba la udongo ambalo halikuchomwa huyeyuka likilowa. Shaba iliyokaa kwenye chumvi na unyevu huendelea kulika ndani kwa ndani. Iache na uchafu wake, ifunge, na uwahi kwa mhifadhi mwenye vifaa vya kukaushia. Pembe za ndovu zilizolowa zisikaushwe juani wala kwa feni, zitapasuka kwa kukauka ghafla. Pembe za Nimrud, mji wa kale wa Iraq, zilizokuwa kwenye hazina ya Benki Kuu ya Iraq ziliharibika vibaya kwa maji yaliyofurika humo na ukungu uliofuata.

Kati ya msamaha na upekuzi usichague kimoja na kukiacha kingine. Upekuzi unaosikika mtaa wa pili ndio unaojaza meza ya msamaha. Bila fimbo, msamaha ni tangazo tu redioni. Lakini vitumie watu tofauti, na meza isitoe jina hata moja kwa kikosi.

Zawadi, na kwa nini kununua kumekatazwa

Wapo wanaopendekeza njia ya mkato: nunua vitu virudi, tukamatane baadaye. Tunapinga bila kusitasita. Bei inayolipwa na makumbusho husambaa hadi kwa wachimbaji, na wiki ileile mashimo mapya huchimbwa kwenye magofu. Isitoshe, kundi la Dola ya Kiislamu lilitoza kodi ya sehemu moja ya tano kwa waliochimba kwenye maeneo yake. Katika uvamizi wa Mei 2015 mashariki mwa Syria, makomando wa Marekani walikuta nyumbani kwa ofisa wake wa fedha malikale, vikiwemo vitu vya Makumbusho ya Mosul, pamoja na stakabadhi za kodi hiyo. Kumlipa dalali wa eneo kama hilo kunaweza kuwa kosa la kufadhili ugaidi, hata nia iwe njema.

Zawadi ya taarifa ni jambo jingine. Ilipwe kwa taarifa na si kwa kitu, ilipwe baada ya kitu kupatikana na kuhakikiwa, na kiasi kiwe kimoja kwa aina yote ya vitu bila kufuata bei ya soko. Sheria ya Malikale ya Iraq Na. 55 ya 2002 ina nafasi ya kuwatuza wanaotoa taarifa na wanaokabidhi vitu. Nchi isiyo na kifungu kama hicho ikiandike kabla vita havijaja.

Forodha: njia pekee kwa vitu vidogo

Muhuri wa silinda mara nyingi una urefu wa sentimita mbili hadi nne. Shehena yote iliyoibwa chini ya ardhi Baghdad ingeingia kwenye begi moja kubwa la mgongoni. Hakuna upekuzi wa nyumba kwa nyumba utakaoipata, na msamaha haumhusu aliyeiba kwa oda. Panabaki mipaka, viwanja vya ndege na posta.

Njia hii ni ya polepole lakini matunda yake ni makubwa. Mwaka 2008 Syria ilirudisha Iraq vitu takribani 700, na Jordan zaidi ya 2,400, vyote vilivyokamatwa na vyombo vyao. Msingi wa kisheria ni Azimio 1483 la Baraza la Usalama, la Mei 2003, linalozitaka nchi zote wanachama kuzuia biashara ya malikale zilizotoka Iraq kinyume cha sheria tangu tarehe 6 Agosti 1990. Azimio 2199 la mwaka 2015 likaongeza Syria, kuanzia tarehe 15 Machi 2011. Uingereza ilikwenda mbali zaidi: kwa amri yake ya 2003, aliyekutwa na malikale ya Iraq yaliyotolewa kinyume cha sheria ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba hakujua wala hakuwa na sababu ya kushuku.

Ofisa wa forodha aangalie nini? Kampuni ya Marekani ya Hobby Lobby, iliyokubali mwaka 2017 kulipa dola milioni 3 na kunyang'anywa maelfu ya vitu, ilipokea vifurushi vilivyoandikwa kuwa ni sampuli za vigae. Vilitumwa kwa anwani tofauti tofauti, na nchi ya asili ikatajwa kuwa Uturuki au Israeli. Hizo ndizo dalili: maelezo ya jumla, thamani ndogo, mzigo mmoja uliogawanywa, na nchi ya asili isiyolingana na kitu. Ongeza udongo mbichi kwenye mikunjo, na doa lililokwanguliwa mahali ambapo namba ya makumbusho huandikwa.

Ofisa hatakiwi kuwa mwanaakiolojia. Orodha Nyekundu za Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, zina picha za aina za vitu vilivyo hatarini kwa nchi au kanda husika. Programu ya simu ya Interpol iitwayo ID-Art, ya bure tangu 2021, hulinganisha picha na hifadhidata yenye vitu zaidi ya 50,000. Dakika tano zinatosha kuamua kama kifurushi kizuiwe.

Udhaifu mkubwa wa njia hii hauko mpakani kabisa, uko kwenye daftari la makumbusho yenyewe. Kitu kisichokuwa na picha hakiingii Interpol. Baghdad, habari za kwanza zilidai vimeibwa vitu 170,000, wakati hesabu ya baadaye ilitua kwenye takribani 15,000. Kuhesabu kulichukua muda mrefu kwa sababu kumbukumbu hazikuwa kamili na hazikuwa mahali pamoja, na muda wote huo vitu vilikuwa njiani.

Mahakama: kwa kitu kilichokwisha kuuzwa

Hii ni ya mwisho kwa mpangilio na ya kwanza kwa gharama. Bamba la Ndoto ya Gilgamesh, bamba la udongo lenye sehemu ya utenzi wa kale wa Gilgamesh, liliuzwa mwaka 2014 kwa dola 1,674,000 likiwa na barua ya uongo iliyodai kuwa lilitoka kwenye mnada wa mwaka 1981. Lilizuiwa 2019, mahakama ikaamuru linyang'anywe Julai 2021, likakabidhiwa Iraq Septemba mwaka huo.

Njia hii ndiyo pekee kwa vitu vya machimbo haramu, visivyowahi kuingia daftari lolote. Hapo huwezi kusema "hiki ni chetu namba fulani". Unasema: sheria yetu inatambua kila kilicho ardhini kuwa mali ya dola tangu mwaka fulani, na hiki kimetoka ardhini kwetu baada ya mwaka huo. Iraq inayo sheria ya namna hiyo tangu 1936. Nchi isiyokuwa nayo huja mahakamani mikono mitupu.

Mkataba wa UNIDROIT wa 1995, mkataba wa kimataifa kuhusu malikale zilizoibwa au kusafirishwa kinyume cha sheria, unampa mwenye mali miaka mitatu tangu ajue kitu kiko wapi na kiko kwa nani, na kwa kawaida si zaidi ya miaka 50 tangu kiibwe. Pia unaruhusu mnunuzi aliyechunguza kwa uangalifu alipwe fidia. Kwa hiyo usitangaze kwa mbwembwe kwamba umekiona kitu kwenye katalogi ya mnada kabla wakili hajawa tayari: saa imeanza kuhesabu, na muuzaji amekwisha kukiondoa.

Sudan, leo

Makumbusho ya Taifa ya Sudan, Khartoum, yaliporwa katika vita vilivyoanza tarehe 15 Aprili 2023, na chumba cha dhahabu kikaachwa kitupu. Maofisa wa Sudan walisema malori yalibeba vitu kuelekea magharibi na mpaka wa Sudan Kusini. Kwa wasomaji wetu hili liko karibu. Mzigo ukishafika Juba, barabara inayofuata ni ya Nimule na Uganda, na mbele yake bandari ya Mombasa.

Kwa mujibu wa ulinganisho huu, ndani ya Khartoum na miji ya jirani msamaha unafaa kwa vyungu na vitu vikubwa vilivyozolewa na watu wa kawaida. Dhahabu haitasubiri msamaha, na hatari yake kubwa ni kuyeyushwa, hivyo taarifa zake ziwafikie kwanza masonara na wanunuzi wa dhahabu, pamoja na picha na uzito wa kila kipande. Kwa vidogo vya Kerma, Napata na Meroe (falme za kale za Sudan), kama sanamu ndogo za makaburini, vikuku vya shanga na hirizi, kazi ni ya forodha za Uganda, Kenya, Chad na Misri.

Pale ambapo daftari la makumbusho limeungua au kuibwa, lijengwe upya kutoka nje. Vyuo na makumbusho ya Ulaya yaliyochimba Sudan kwa miongo mingi yana daftari za machimbo, michoro na picha za vitu vilivyokabidhiwa Khartoum. Chuo Kikuu cha Chicago kilifanya hivyo kwa Iraq mwaka 2003, kikiweka mtandaoni picha za vitu vya Baghdad. Kila kitu kijazwe kwenye fomu ya Object ID, kiwango cha kimataifa cha kueleza vitu vya kale na sanaa: picha, aina, malighafi, vipimo, maandishi na alama, kasoro zinazokitambulisha, kipindi. Kisha fomu ipitie ofisi ya taifa ya Interpol, kwa kuwa hifadhidata haipokei maombi ya mtu binafsi. Kwa kila kitu, andika kwanza kasoro: ufa, kipande kilichomeguka, gundi ya zamani. Mwizi anaweza kukwangua namba, ila ufa hawezi kuufuta.